Neno la Kumsindikiza Mgeni

Kule Mikorosheni, kitongoji kilichokaa kando ya barabara ya Mtama kwenda Lindi, mgeni haambiwi shida. Anatandikiwa mkeka, ananawishwa mikono, anakula mpaka ashibe. Akiuliza habari za hapo ataambiwa ni njema, hata kama paa limeondoka na upepo wa jana. Shida ina mahali pake, na mahali pake ni njiani. Mgeni akiaga, mwenyeji hutoka naye wakatembea taratibu, na huko mbele, kila mmoja akitazama njia badala ya uso wa mwenzake, mwenyeji hukohoa kidogo akasema, "Sasa ndugu yangu, kuna jambo." Posa nyingi za Mikorosheni zilianzia hapo, na ugomvi mwingi uliishia hapo.

Hamida binti Pazi aliijua desturi hiyo kuliko wote kitongojini, na ndiyo iliyomponza.

Alikuwa mjane. Nyumba yake ya bati ilitazamana na barabara kuu, na ndani yake mlikuwa na yeye, kuku wake na redio. Redio alikuwa akiibishia. Mtangazaji akisema mvua zitakuwa za wastani, Hamida anamjibu kutoka jikoni, "Za wastani kwenu huko," kisha anajisikia mwenyewe akisema, ananyamaza. Mwanawe wa pekee, Warda, alikuwa muuguzi katika zahanati moja mjini Lindi, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, na huko alikuwa amepanga chumba. Siyo kwamba alipenda chumba hicho. Mabasi ya safari ndefu hayakubali abiria wa karibu, na bodaboda wa alfajiri kule ni wa kubahatisha. Leo yupo, kesho analala. Zamu ya zahanati haimsubiri mtu aliyekosa pikipiki.

Basi zikaja habari njema. Halmashauri tatu zinazopakana zilikubaliana kupanga mambo yao kwa pamoja: mabasi ya asubuhi na jioni kati ya Mtama na Lindi kwa ajili ya wafanyakazi, vituo maalumu vya kusimama, na maeneo ya miti yatakayoachwa yapumue, ili vibanda visije vikaota kama uyoga njia nzima. Wataalamu wangepita kila kitongoji kuwasikiliza wananchi. Warda aliposikia alipiga simu siku hiyohiyo. "Mama, wakiweka kituo hapo kwetu, mimi narudisha chumba cha watu. Nitakuwa naenda na kurudi."

Hamida alifagia chumba cha Warda na kuanika godoro juani, na wataalamu wenyewe hawajafika bado.

Siku ya wageni kitongoji kizima kilikusanyika nyuma ya msikiti. Mwenyekiti, Bwana Shaaban, alikuwa amemkabidhi Hamida mambo ya chakula, kwa kuwa wali wake wa nazi ulikuwa na sifa mpaka Mtama. Wataalamu walishuka kwenye gari jeupe, na mkubwa wao, kijana mtaratibu aitwaye Dominick, aliwaamkia wazee kwa heshima. Akafungua kikao papo hapo, wali ungali jikoni.

"Akina mama," akasema, "naomba kusikia kwenu kwanza. Mna shida gani ya usafiri hapa?"

Wanawake wote walimgeukia Hamida. Yeye ndiye mkubwa wao.

Neno alikuwa nalo, amelipanga kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Lakini mgeni mwenyewe hajatia hata maji mdomoni! Umwage shida zako mbele yake, aonekane ameitwa kuja kubebeshwa mzigo? Mama yake Hamida angefufuka kaburini. Akatabasamu, akasema kama alivyolelewa kusema:

"Hatuna shida, baba. Tuko salama, Alhamdulillahi. Karibuni sana, karibuni mle."

"Hakuna shida kabisa ya usafiri?"

"Kabisa, baba. Shida itoke wapi, na ninyi mmekuja?"

Watu wakacheka kwa furaha. Wanaume walipoulizwa nao walijibu hivyohivyo, kwa kuwa nani angetaka kuonekana mlalamishi mbele ya mama aliyejibu vizuri namna ile? Dominick akaandika, akageuka kusifia miti. Ile mikorosho mikongwe na msitu mnene nyuma yake vilimfurahisha kweli. Alisema hajaona kivuli kama kile tangu waanze safari. Wali ukaletwa, na kuku, na mbaazi za nazi. Wageni walikula wakaomba nyongeza. Hamida, huku akikusanya sahani, alijifunga kanga yake vizuri kiunoni. Wakati wake ulikuwa unakaribia.

Walipoaga, watu wote walisimama kuwasindikiza. Kila mmoja alikuwa na neno lake mdomoni. Bwana Shaaban alikwisha anza kukohoa.

Wageni wakapanda gari.

Mlango mmoja ukafungwa, wa pili ukafungwa, Dominick akashusha kioo akapunga mkono. "Ahsanteni sana! Tumefurahi sana!" Gari likapanda barabarani na kushika njia ya Lindi. Hamida alilifuata hatua kadhaa, mkono umeinuliwa, akiwa hajui anaaga au anazuia. Mgeni wa gari hasindikizwi. Jambo dogo kama hilo, na hakuna mtu Mikorosheni aliyekuwa amelifikiria.

Mpango ulipopitishwa na halmashauri zote tatu, Mikorosheni haikupewa kituo. Kitongoji kisicho na shida ya usafiri, chenye miti mizuri kiasi kile, kiliwekwa katika maeneo ya kijani, yale ya kuachwa yapumue. Kibao kikachomekwa mbele ya nyumba ya Hamida: magari yasisimame hapa. Basi likaanza kupita, asubuhi na jioni, kwenda na kurudi, na dereva asingethubutu kusimama hata ungemlilia, kwani leseni yake ya njia ilitegemea hapo. Ngedere wa msitu ule walistarehe. Hamida hakuwa na ugomvi na ngedere, wala na miti. Aliipenda ile miti tangu alipoletwa pale akiwa bibi harusi. Lakini jioni basi lilipopita alikuwa akitoka kibarazani kutazama vichwa dirishani, vichwa vya watu wanaorudi kwao.

"Mficha uchi hazai," jirani yake Sada alimwambia siku moja, bila kumwonea haya. "Ungelisema pale pale."

"Na wewe ulikuwa umekaa wapi?"

Sada akageuka kwenda zake. Naye alikuwa pale pale.

Hamida akaenda Lindi. Alimkuta Dominick ofisini, akaamkiwa, akapewa kiti, na safari hii hakungoja chai. Alisema yote. Dominick alimsikiliza mpaka mwisho, uso ukimwiva.

"Mama, si nilikuuliza mbele ya watu wote?"

"Uliniuliza hujala, baba."

"Na nilipokwisha kula?"

"Ulipanda gari."

Dominick alianza kucheka, kisha cheko likamfia. Akaeleza kwa upole kwamba yeye peke yake hana uwezo, na halmashauri moja peke yake haina uwezo. Zilipitisha pamoja, na kubadilisha nako ni mpaka zikae pamoja. Zitakaa tena mpango utakapopitiwa upya. Lini? Miaka kadhaa. Angelisemea jambo hilo, aliahidi, na Hamida aliona kwamba kijana hakuwa akidanganya. Dominick alimsindikiza kwa miguu mpaka barabarani. Wote wawili walitembea wakitazama njia, na mara hii neno lilikuwa limekwisha semwa.

Warda akaendelea kukaa Lindi. Mwanzoni alikuja kila mwisho wa juma, halafu zamu zikabadilika, akawa anakuja akipata nafasi. Akifika alikuwa akipokewa kama mgeni, naye akila kama mgeni, na hilo lilimuuma Hamida kuliko yote: kumwona mwanawe akiomba maji ya kunywa katika nyumba ambamo alijifunza kutambaa.

"Mama, uko sawa lakini?" Warda aliuliza Jumapili moja, wakila. "Huna shida?"

"Sina shida, mwanangu. Kula."

Alasiri Warda alitoa simu aite bodaboda wa kumpeleka Mtama, maana basi lilianzia huko. Mama yake akakataa. "Twende kwa miguu. Nakusindikiza."

"Mama, mbali!"

"Nakusindikiza, nimesema."

Wakashika njia ya Mtama, wakiipa Lindi kisogo, ili wakapande basi litakalopita tena mbele ya nyumba waliyotoka. Ukiwaza sana mambo hayo utachekwa na kuku. Walitembea kando ya lami. Hamida alikohoa kidogo. Warda akasema habari za mgonjwa mmoja aliyewachekesha, wakacheka. Hamida akakohoa tena. Warda akauliza kama kifua kinambana, ale tangawizi. Neno lilikuja mpaka kwenye ulimi, na kila lilipofika Hamida aliona uso wa binti yake ukiwa umetulia, akaogopa kuuharibu. Labda pale mbele kwenye daraja. Daraja likapita. Labda wakianza kuziona nyumba za Mtama. Nyumba zikaonekana, zikawa nyingi, na kituo kikawa mbele yao.

Warda alimkumbatia, akapanda. Hamida hakungoja basi lijae, aligeuka akaanza kurudi peke yake. Alijisikia mjinga, na hasira zake zote zilikuwa juu yake mwenyewe.

Alikuwa bado yuko njiani, amepita daraja, aliposikia muungurumo nyuma yake. Basi lilimpita kwa kasi, upepo wake ukampeperusha kanga. Hakuinua macho. Simu yake ikaita.

"Mama, nimekuona," Warda alisema, sauti ikikatwakatwa na kelele za injini. "Unatembeaje hivyo? Umeinamisha kichwa. Una nini?"

Hamida alisimama. Hapakuwa na chakula cha kuandaa, wala mgeni wa kumfurahisha, wala mtu wa kutazamana naye usoni.

"Nina shida," akasema.

"Shida gani? Mbona tumeshinda pamoja hukusema?"

"Nilikuwa nakusindikiza, mwanangu. Nasema sasa."

Katika simu zikasikika sauti za abiria, na kondakta anayecheka na mtu. Kisha Warda akaongea taratibu, kama anayejisemea.

"Tunapita nyumbani. Naiona mikorosho. Naiona nyumba yetu, mama. Mlango umefungwa. Kuku wako mlangoni wamekusanyika, na hakuna mtu wa kuwafungulia. Mama, nyumba haina mtu."

"Ndiyo shida yenyewe," Hamida akasema.