Sikusema Baa

Ndo. Ndo. Ndo.

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, lakini kabla jogoo hajawika hakuna sauti ndogo. Cheptoo alilala macho wazi akihesabu matone. Yalitoka kwenye karavani iliyosimama nyuma ya jikoni, yakaangukia sufuria kuukuu aliyoitega chini ya sakafu yake. Kila asubuhi sufuria ilikuwa imejaa zaidi ya jana.

Karavani hiyo ilikuwa nyumba ya magurudumu, ingawa magurudumu yalikwisha kitambo na sasa ilikalia mawe. Zamani ilikuwa ya kambi ya watu wa barabara, na Cheptoo ndiye aliyekuwa mpishi wao. Barabara ilipokwisha, wenye kambi walimwachia kama asante. Siku hizi alilala humo mjukuu wake Nelvine, aliyefundisha watoto wa nasari pale Silibwet.

"Kogo," Nelvine alimwambia bibi yake asubuhi hiyo, "sakafu karibu na kitanda imekuwa laini kama ugali wa mgonjwa. Siku moja utanikuta chini na kuku."

"Si fundi alikaza hiyo pomba?"

"Bomba, Kogo. Pomba ni nini?"

"Umesikia. Usinifundishe kama watoto wako wa nasari."

Mafundi wawili walikuwa wamekuja. Wa kwanza alikaza kila alichokiona, kumbe ubovu ulikuwa mahali asipopaona. Wa pili alitaka kukata sakafu nzima kwa msumeno. Nelvine akasema amesikia kuna mzee upande wa Sotik, anaitwa Onchiri, na kwamba karavani za kambi ile alizitia mabomba yeye mwenyewe.

Cheptoo aliinamia mboga alizokuwa akichambua. "Tafuta mwingine."

"Hakuna mwingine, Kogo. Nimeshampigia. Anakuja Alhamisi."

Basi Alhamisi Onchiri akaja, Nelvine akiwa shuleni. Alikuwa amezeeka, kichwa cheupe, vidole vimevimba kwenye viungo. Alivua viatu mlangoni mwa karavani. Mafundi wengine walikuwa wameingia na matope yao. Cheptoo aliona jambo hilo, na moyo ukamwuma, kwa sababu alikuwa akiomba Mungu mtu huyu awe amegeuka mbaya.

"Mama wa jikoni!" Onchiri alimpa mkono kwa furaha. "Kumbe ni wewe? Huyo msichana hakuniambia. Miaka kumi na minane!"

"Mimi, fundi. Karibu."

Alianza kazi kwa kuomba jivu kavu. Akaingia chini ya karavani na gunia la kulalia, akafungua bati la chini, akapaka jivu mbao zote, kisha akangoja. Fundi anayejua kungoja, Cheptoo alikuwa hajamwona tangu enzi za kambi.

"Maji ya karavani ni mnafiki," Onchiri alisema kutoka huko chini. "Yanavuja hapa, yanatembea juu ya chuma, yanadondoka pale. Wewe unakamata pale. Unakamata asiye na makosa." Kidogo akaita tena. "Nimeona! Jivu limelowa kwanza nyuma ya sanduku la gurudumu. Ni ile elbo, kona ya bomba, niliyofunga mimi mwenyewe. Raba imekufa."

Lakini kupafikia ilikuwa shida. Kutoka chini aliweza kugusa upande mmoja tu wa bomba. Upande wa pili ulikuwa ndani ya kabati la chini ya kitanda, nyuma ya tundu lisilozidi kikombe. Alijaribu kupitisha mkono, vidole vikakataa.

"Zamani mkono huu uliingia humo," alisema, akiutazama kama wa mtu mwingine. "Mama, wewe uliwahi kuchuma chai. Lete mkono wako."

Hivyo ndivyo Cheptoo, na miaka yake sitini na minane, alivyolala kifudifudi kabatini, shavu kwenye mbao, mkono umezama tunduni hadi begani. Onchiri alikuwa chini yake, amelala chali, spana mkononi, na kati yao palikuwa na sakafu tu. Hawakuonana.

"Umeipata nati? Ishike hivyo hivyo, mimi nafungua." Spana ikalia. "Unajua, mama, ile siku walinifukuza kambini, ni wewe peke yako ulinitendea wema. Ulinikimbilia getini na chapati mbili kwenye gazeti. Nimewaambia watoto wangu habari ya chapati hizo mara nyingi sana."

Cheptoo alifunga macho. Chapati hizo alizipika akilia, na hakuwa akilia kwa wema.

Siku ile msimamizi wa kambi alikuja jikoni amekasirika, maji hayatoki. Akauliza, Onchiri yuko wapi? Cheptoo alikuwa amemwona Onchiri akipanda juu ya paa la stoo kurekebisha tangi. Akasema alivyoweza kusema: yuko baa. Msimamizi akauliza, baa? Akajibu, eeh, baa. Mdomoni mwake hilo lilikuwa neno la juu ya nyumba. Mpaka leo p na b zilikuwa mapacha kwake, hakujua nani ametangulia kuzaliwa. Saa sita aliwasikia wakisema Onchiri amefukuzwa kwa kunywa pombe saa nne asubuhi, na papo hapo akaelewa. Angekwenda kusema. Lakini pale kambini walishamcheka kwa kusema bilau, na aliogopa kucheka kukiisha atafukuzwa yeye. Akajiambia, nitasema kesho. Kesho ilipofika, akaipa kazi hiyo kesho nyingine.

"Fundi," alisema tunduni. "Yule aliyesema uko baa ni mimi."

Spana ilinyamaza.

"Wewe? Kwa nini useme niko baa?"

"Sikusema baa. Nilisema baa."

"Mama, sikuelewi."

"Ile ya mabati. Juu, juu ya stoo, kwa tangi. Nilitaka kusema hiyo. Na niliposikia wamekufukuza nilijua ni mdomo wangu, nikanyamaza. Zile chapati hazikuwa wema. Nilikuwa na hatia."

Cheptoo alikuwa bado ameshika nati. Mkono ulianza kufa ganzi, lakini hakuthubutu kuutoa.

"Mimi nilidhani ni Makori," Onchiri akasema mwishowe. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Tulikuwa tukifanya kazi pamoja. Asubuhi hiyo aliniacha juu ya stoo akaenda mjini kuleta mabomba, na nilipojitetea kwa msimamizi sikuaminiwa. Yeye ndiye alijua niko wapi, na kesho yake akapewa sanduku langu la vyombo. Nikasema, ni yeye ameniuza. Alikuja kwangu mara tatu kuniapia. Sikumfungulia. Tulitoka kijiji kimoja, mama. Tulibatizwa siku moja."

"Yuko wapi sasa?"

"Alikufa mwaka juzi. Nilipita barabarani nikasikia wanaimba kwa mazishi yake. Sikuingia."

Cheptoo alilia bila sauti, machozi yakalowesha mbao ambazo tayari zilikuwa zimelowa. Alikuwa amedhani kosa lake lilimnyima mtu kazi tu. Hakujua lilikuwa limetembea hivyo juu ya chuma, likaenda kudondokea nyumba nyingine.

Kidole kilichovimba kikapenya kutoka chini, kimebeba raba mpya. "Ipokee," Onchiri alisema. "Iweke ndani ya nati. Taratibu, isipinde."

Aliiweka. Walikaza pamoja, yeye juu, mwenzake chini. Maji yalipofunguliwa, jivu jipya lilibaki jeupe.

Cheptoo alipika chai, akaweka na maziwa ya asubuhi. Onchiri alinawa mikono, akaitazama birika, akatikisa kichwa.

"Leo sitakunywa, mama. Usinielewe vibaya. Haitapita kooni." Alivaa viatu vyake polepole. Alipofika langoni akageuka. "Makori aliacha mke, Phelis. Jumamosi nitakungoja stendi ya Sotik. Utamwambia mwenyewe. Nikienda peke yangu sitafika mlangoni."

Usiku huo sufuria chini ya karavani haikulia, na Cheptoo hakulala vizuri kuliko siku zilizotangulia.

Jumamosi aliondoka na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando, kwa sababu hakujua mtu hubeba nini safari kama hiyo. Phelis alikuwa mwembamba, mwenye kitambaa cha kanisa kichwani. Alimwona Onchiri akabaki ameshika mlango. Cheptoo hakungoja kuketi. Alisema yote, na alipofika kwenye lile neno likatoka vilevile, baa, ikabidi aoneshe mabati kwa kidole.

Phelis aliyatazama mabati ya nyumba yake kwa muda.

"Alikuwa akiniuliza," alimwambia Onchiri. "Hata akiwa kitandani, akisikia mbwa: Phelis, angalia, si ni Onchiri? Mimi namwambia, lala, ni mbwa tu."

Onchiri alijifunika uso kwa kofia yake. Hakuna aliyemwambia nyamaza.

Phelis akawapeleka nyuma ya nyumba, kaburini, palipopandwa maua mekundu. Onchiri aliinama, akang'oa magugu kidogo kidogo mpaka pande zote zikawa safi. Cheptoo alimsaidia. Aliona kwamba Phelis alikuwa ameleta viti viwili akaviweka kivulini karibu nao.

Chai ilipokuja, Onchiri aliinywa. Ilimchukua muda mrefu kumaliza kikombe kimoja.

Jua lilipoinama Phelis aliwasindikiza hadi njia kubwa, kibuyu kitupu mkononi. Alikuwa amekiosha. Akamrudishia Cheptoo, lakini hakukiachilia mara moja.

"Sijui kama nimekusamehe, mama wa baa," alisema. "Bado naangalia. Lakini miaka yote hii hakuna mtu amekuja hapa kuniongelesha habari ya Makori." Kisha akamgeukia Onchiri. "Na wewe, njia sasa unaijua. Mtarudi lini?"