Doa la Rangi ya Chungwa

Nyumbani kwetu hapa Patna, kochi la sebuleni lina heshima kuliko mimi. Mimi nimeolewa miaka mingi na bado naitwa "binti wa watu". Kochi lililetwa juzi tu na tayari linaitwa "kochi letu". Ni jeupe kama maziwa, kwa sababu mama mkwe wangu, Kaushalya Devi, aliona nyumba yenye wanawake wa wanja, poda na rangi ya midomo haiwezi kukosa kochi jeupe. Likafunikwa nailoni, tukakatazwa kulikalia. Tukawa tunakaa chini, tunaliangalia.

Jumamosi moja asubuhi nailoni ilitolewa. Kesho yake wageni walikuwa wanatoka Gaya kuja kumwona wifi yangu Mridula, dada wa mume wangu. Kijana wao mhandisi, ukoo safi, tabaka letu kabisa. Nyota za wawili hao zilikuwa zimeshalinganishwa na zimekubaliana kwa kila jambo. Mridula mwenyewe hakuna aliyemuuliza. Jumapili mchana, saa chache kabla hawajafika, mama mkwe akapiga kelele sebuleni. Niliacha samosa kwenye mafuta nikakimbia, nikidhani ameanguka.

Hakuwa ameanguka. Kulikuwa na doa.

Lilikuwa juu ya mgongo wa kochi, pale mtu anapoegemeza kichwa, na alama nyingine ilikuwa ukutani nyuma yake. Sinduri.

"Umelala hapa," mama mkwe akaniambia. Hakuwa anauliza.

Tusimwonee, alikuwa na hoja. Sinduri anaipaka mwanamke mwenye mume, kwenye mstari wa katikati ya nywele, na nyumba nzima mwenye mume ni mimi peke yangu. Yeye ni mjane, hajaigusa tangu baba mkwe afariki. Mridula hajaolewa. Basi kichwa ni changu, kesi imekwisha, twendeni tukale.

Ila nilipoinama nikaiona rangi. Yangu mimi ni nyekundu iliyokolea, ya majimaji, ya kichupa; ukishaipaka haitoki hata ulale kwenye mvua. Hii ilikuwa ya unga, rangi ya chungwa. Na sisi watu wa Bihar, sinduri ya rangi ya chungwa hatuipaki kwenda sokoni. Hiyo bwana harusi ndiye humpaka bibi harusi, kwa mkono wake, siku wanapooana.

Nikainua macho. Mridula alikuwa amesimama mlangoni, nywele kazichana upande, yeye ambaye tangu utotoni huchana katikati. Uso ulikuwa umempauka.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Jana nilipitiwa na usingizi."

Msiniulize kwa nini nilisema hivyo. Mle ndani kila kosa ni langu hata lisipokuwa langu, nikaona leo angalau nilichague mwenyewe.

Mama mkwe akaliangalia doa kwa muda, kisha akaniangalia mimi utosini. Akaenda kuleta ndoo.

"Mama, usitie maji kwanza," nikamwambia. "Unga unakung'utwa na brashi kavu, halafu..."

"Unanifundisha kusafisha?"

"Mimi? Nani angethubutu."

Akatia maji. Doa la ukubwa wa kiganja likawa la ukubwa wa sahani. Akatia sabuni ya vyombo, likaiva vizuri. Akampigia simu jirani yetu Mama Renu, ambaye ana dawa ya kila kitu isipokuwa ya mumewe, naye akashauri limau. Limau likatuongezea umanjano pembeni, ambao hatukuwa nao. Ukutani alisugua mpaka rangi ya ukuta ikabanduka, sinduri ikabaki. Kochi sasa lilikuwa limepambwa kuliko bibi harusi yeyote niliyewahi kumwona.

Nikamfuata Mridula chumbani, nikafunga mlango.

"Nani?"

"Sudhanshu."

"Yule mwalimu wa hesabu wa tuisheni?"

"Tulikwenda hekaluni jana. Nikarudi, nyumba haina mtu. Nikasema nikae kidogo tu, kama mtu aliyeolewa."

"Sakafu yote hii, ukachagua kochi."

"Wifi, usinicheke."

"Sikucheki. Tabaka lake?"

"Si letu."

"Hongera. Mama atakufa, halafu atatuua sisi." Nikakaa kitandani. "Utamwambia lini?"

"Wakishaondoka. Lakini wakinikubali, mama ataomba tarehe leo leo, unamjua. Nikinyamaza, wifi, wataniozesha mara ya pili."

Nikamshika mkono.

Wageni walipobisha hodi, mama mkwe alikuwa na mpango.

"Wewe utakaa hapo. Uegemee. Usinyanyuke hata nyumba ikiungua."

Kwetu mke wa mwana hakai mbele ya wageni. Hujifunika ushungi, akabeba sinia na kusimama pembeni kama pazia. Mimi siku ile nilipokea wageni nimeketi kama malkia, mgongo umelowa maji ya limau mpaka kiunoni.

Mama wa kijana akanitazama sana. "Mkwe wako anaumwa?"

"Mgongo," akasema mama mkwe.

"Umeanza lini?"

"Leo mchana," nikajibu, na hapo sikusema uongo.

Mridula akaleta chai. Mama yule akamkagua kuanzia vidole vya miguu. Anajua kupika? Anajua. Anaimba? Kidogo. Hebu atembee. Akatembea. Mama mkwe akawa anatabasamu mpaka nikamwonea huruma.

"Tumempenda," mama wa kijana akasema.

"Basi tupange tarehe," mama mkwe akadakia.

"Kwanza aje akae hapa karibu nami. Wewe mkwe, mpishe."

"Mgongo," nikasema.

"Mgongo wake," akasema mama mkwe.

Mridula akaweka sinia mezani. "Wifi, inuka. Hilo doa ni langu."

Nikainuka. Akakaa, akashusha ushungi, akazigawa nywele kwa vidole katikati. Rangi ilikuwa imefifia kwa kunawa, lakini ilikuwepo, ya chungwa, kutoka kwenye paji hadi utosini. Baba wa kijana aliacha kutafuna.

"Tumekuja kuona msichana," mama wa kijana akasema huku akitafuta mkoba wake, "kumbe tumeitwa kuona mke wa mtu."

Wakaondoka. Kijana mhandisi ndiye pekee aliyetoka na uso wa furaha. Nadhani naye ana mambo yake huko Gaya.

Mama mkwe akafunga mlango. Akachukua kitambaa ndooni, nikajua anarudi kwenye kochi. Hakurudi kwenye kochi. Alimshika Mridula shingoni, akakikandamiza kitambaa kwenye ule mstari wa nywele, akaanza kusugua. Maji yalimtiririka mtoto wa watu machoni.

"Itatoka. Hii itatoka. Nitawaambia ulikuwa mchezo."

Mridula hakujitoa. "Mama," akasema taratibu, "hivi ndivyo walivyokufanyia baba alipofariki. Nilikuwepo. Walikushika, wakakufuta sinduri kwa kitambaa chenye maji, nawe unapiga mayowe. Mama, wangu yuko hai."

Mimi nililia, na sioni aibu kusema.

Kitambaa kikaanguka. Mama mkwe akaitazama mikono yake. Ilikuwa na rangi ya chungwa mpaka vifundoni, mikono ya mwanamke ambaye kila harusi hujibanza ukutani asije akamgusa bibi harusi akampa mkosi. Akataka kuifuta kwenye sari yake nyeupe, akaacha.

"Unga uko wapi?" akauliza.

Mridula akatoa kifuani karatasi iliyokunjwa.

"Mpake wewe," mama mkwe akaniambia. "Una mume. Mimi sifai."

"Mama, mikono yangu mikavu," nikasema. "Yako ndiyo imeshaanza kazi."

Mama mkwe akaipokea karatasi, akaikunjua. Kisha akachovya kidole kwenye unga, akaanza kuurudisha ule mstari polepole, palepale alipokuwa ameufuta.