Mama Mkwe Aliyejificha Kwenye Mtama

Vitabu viwili vya uhakiki wa riwaya za zamani vilikuwa mezani kwa mkuu wa shule, hapo Bariadi mjini, na kidato cha sita wangeagiziwa kimoja tu. Kimoja kilikuwa kinene, jalada gumu, mwandishi wake profesa mwenye jina. Cha pili chembamba, hata picha ya mwandishi hakina. Mkuu, Mwalimu Maduhu, alishakipenda kile kinene kwa uzito wake, kama mtu anayechagua tikiti maji.

Milembe, mwalimu wa Kiswahili, alikuwa na kinyongo nacho cha miaka sita. Katika riwaya mojawapo, mama mkwe anamwona mume wa bintiye anakuja, anaacha njia na kujificha kwenye mtama. Profesa kaandika kuwa ni chuki. Milembe, akiwa chuoni, aliandika kuwa ni heshima, kwani kwa mila mkwe na mkwe hawakutani uso kwa uso. Akakatwa alama na kuambiwa akasome kitabu hichohicho. Kile chembamba kilisema heshima. Sasa wanafunzi wake nao wafundishwe kwamba bibi zao wana roho mbaya? Hilo lilimchoma.

Alieleza, akarudia kueleza. Maduhu akasema profesa ni profesa, akachukua kalamu atie sahihi fomu ya kile kinene.

Kabla hajaigusa karatasi, nje ya dirisha bibi mmoja alisikika akimuuliza mlinzi alipo Mwalimu Joyness, amemletea michembe, viazi vikavu, kutoka Sapiwi. Joyness ni mke wa Maduhu. Bibi yule ni mama yake Joyness.

Kalamu ikaanguka. Mkuu anayeogopwa na shule nzima akajibanza nyuma ya kabati la mafaili, tumbo lote nje, hata kupumua hapumui.

Milembe alingoja hatua za bibi zipotee.

"Mkuu, kumbe mama unamchukia hivyo?"

"Mayu yule? Kanipa mke, nitamchukiaje? Namheshimu mno."

Alikuwa amelisikia neno lake mwenyewe. Alitoka na vumbi begani, akasoma ukurasa wa kile chembamba akiwa amesimama, kisha akaomba fomu nyingine. Akatia sahihi kwa herufi kubwa.

Milembe alitamani kupiga vigelegele. Badala yake aliomba kile kinene.

"Cha nini tena?" Maduhu aliuliza.

"Nawapelekea kidato cha sita, na kalamu nyekundu. Leo wanamsahihisha profesa."