Neno Lisilosemwa Redioni

Kuosha tangi la meli ya mafuta si kuosha sufuria. Kwanza unalijaza moshi wa boila uliosafishwa na kupozwa, ili uifukuze oksijeni. Ikishuka chini ya asilimia nane, cheche zinazozaliwa na maji yanapopiga kuta haziwezi kuwasha mvuke wa mafuta. Ikizidi hapo, mwombe Mungu wako.

Efren Dumlao, fundi pampu, aliyajua hayo kwa miaka kumi na tisa. Mchana ule, wakielekea bandari ya Batangas, kwao Ufilipino, mtambo wa ofisini wa kupima oksijeni ulionyesha nne. Kipimo chake cha mkononi, alipokishusha ndani ya tangi la tano, kilionyesha kumi na tatu. Akakijaribu kwenye hewa ya sitaha: ishirini na moja, kama ipasavyo. Basi mwongo ni mtambo. Na aliyetia saini asubuhi kwamba ameukagua ni Fredo, ofisa mkuu, kumpare wake, baba wa ubatizo wa binti wa Efren.

Redio ikaita; alikuwa Fredo, kutoka ofisini. "Tangi la tano vipi, Efren? Kapteni yuko hapa, tuanze kuosha?"

"Ngoja kidogo, Chifu. Nakuja."

"Kuja kufanya nini? Sema hapo hapo."

"Anafuata wali huyo," akadakia Crispin, mkuu wa mabaharia, aliyekuwa juu ya tangi la tano na wenzake wawili. Redio nzima ikacheka.

Efren aliona haya. Kumwambia Fredo mtambo wake unadanganya, meli nzima ikisikia, ni kumvua nguo. Kwao mambo hayo husemwa pembeni, kwa sauti ya chini. Mficha uchi hazai, lakini nani angemkumbusha saa ile? Akaanza kutembea. Hakukimbia, maana akikimbia wangeuliza kuna nini. Ujinga mtupu, tena wa mtu mwema.

Alikuwa katikati ya sitaha aliposikia maji yakianza kupiga kuta za tangi. Fredo alikuwa amechoka kungoja, akaiamini nne yake. Efren aliinua redio. Haikufika mdomoni; tangi la tano lililipuka.

Moto ulipozimwa, Crispin alipatikana, amekufa. Wenzake wawili hawakupatikana.

Fredo alikuja akaketi karibu na Efren, nyusi zimeungua.

"Kumpare, si ungeniambia tu redioni?"

"Watu walikuwa wanasikia."

Fredo alilitazama shimo la tangi.

"Crispin naye alikuwa anasikia," akasema.