Mikono ya Fundi Polishi

Saa kumi kasorobo, Jumamosi, mlango wa ukumbi wa mtaa ulikuwa na kufuli, na mbele yake walisimama wanaume wawili. Mmoja alikuwa fundi wa kupaka samani polishi. Wa pili alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mpima ardhi kwa kazi na mtu asiyethibitisha jambo mpaka alione kwa macho.

Sharti alilitoa mke asubuhi, akiwa amekwisha kufunga begi la mtoto. Leo mumewe asimame mbele ya kikundi cha watu wanaoacha pombe, aseme habari za ulevi wake kwa kinywa chake, na kaka yake awepo kusikia. Asiposema, yeye na mtoto wanahamia kwa kaka jioni hiyo hiyo.

"Wale walevi wasiokunywa?" aliuliza mama muuza viatu vya mitumba, upande wa pili wa barabara. "Walishahama. Kelele za kwaya ziliwashinda. Nendeni darasa la ushonaji, nyuma ya duka la matairi. Mkisikia watu wanacheka, ndio hao."

Walikuta mkutano umeanza. Cherehani zilikuwa zimefunikwa na kusukumwa ukutani, na watu wameketi kwa duara kwenye viti vya plastiki. Mwenyekiti, muuguzi mstaafu ambaye wote walimwita Mama, aliinuka kuwapokea. Alimpa fundi mkono, akaung'ang'ania kidogo, kisha akauinua hadi puani.

"Karibu, baba," alisema. "Hapa hafukuzwi mtu. Ila anayekuja ananuka hukaa akasikiliza, hasemi. Utasema wiki ijayo."

"Sijanywa, Mama. Ni polishi."

Chumba kizima kiliangua kicheko.

"Mimi ilikuwa dawa ya kikohozi," alisema dereva mmoja. "Nilikohoa miaka minane."

"Mimi manukato," alisema mwanamke mwenye miwani. "Mume wangu, masikini, akawa ananiongezea chupa."

Lakini fundi alikuwa anasema kweli. Polishi ya mbao huyeyushwa kwa spiriti, inayonuka kama pombe, na ikishakauka kwenye ngozi sabuni haiitoi. Huitoa spiriti hiyo hiyo. Mchana ule alikuwa amemalizia meza ya mteja. Kwa kuwa alikuwa anakwenda mbele za watu, alijisafisha kuliko siku zote: alilowesha tambara kwa spiriti, akasugua vidole, viganja na mikono mpaka kwenye viwiko, akamalizia na shingo. Shemeji yake, aliyekuja kumchukua, alisimama mlangoni mwa karakana akitazama.

"Shem, waambie basi," alisema fundi. "Si ulikuwepo? Si uliniona nikijisafisha?"

Duara zima likamgeukia mpima ardhi. Mwaka juzi dada yake alimpigia simu akilia kwamba mumewe ananuka pombe, naye akamwapia kwamba ni polishi, kwa sababu fundi alikuwa amemwambia hivyo. Wiki hiyo hiyo fundi aliokotwa mtaroni nyuma ya karakana, chupa ikiwa mfukoni.

"Nilichoona ni mikono," alisema. "Kabla sijafika, sikuwepo."

"Shem!"

"Unataka niape tena?"

Fundi alikaa. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ameibana katikati ya magoti. Watu walipoinuka, alikusanya vikombe bila kuambiwa.

Nje, mpima ardhi alimpigia dada yake. Simu ilikuwa na sauti kubwa; fundi alisikia kila neno.

"Amesema?"

"Hajasema. Wamemkatalia, ananuka."

"Amekunywa?"

"Sijui, mdogo wangu. Nimemwona akijisafisha kwa spiriti. Zaidi ya hapo sijui."



"Na yeye mwenyewe anasemaje?"

"Anasema ni polishi."

Simu ikakatwa.

Walipofika nyumbani begi lilikuwa mlangoni. Mke alikuwa akimvalisha mtoto sweta. Fundi hakusogea karibu. Alisimama penye ngazi, mikono nyuma.

"Leo ilikuwa kweli, mke wangu," alisema.

"Leo," alisema mkewe.

Alimbeba mtoto akampita. Mpima ardhi alichukua begi, akashuka nyuma yao.

Wiki ile fundi alimpigia shemeji yake mara kadhaa. Simu haikupokelewa.

Jumamosi iliyofuata alifika darasa la ushonaji kabla ya wenzake, akasaidia kufunika cherehani. Safari hii alikuwa amenawa kwa sabuni tu, na polishi ilikuwa imemganda, kahawia, kuanzia kwenye kucha hadi viwikoni. Dereva alipomwona alisema, "Kaka, umeoga au umepakwa rangi?" Watu wakacheka, na fundi naye akacheka kidogo.

Mama alimshika mkono, akaunusa. Kisha akasogea karibu zaidi, akamwambia apumue.

"Leo unasema," alisema.

Kiti cha karibu na mlango, alichokalia mpima ardhi wiki iliyopita, kilikuwa kitupu. Fundi alikitazama, akasimama, akataja jina lake.

"Nilikuwa nasema ni polishi," alianza.