Tangi la Pikapu ya Mashuka

Jumanne aliyofariki, baba alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma kufunga kamba za viatu, na hakuinuka tena. Mashuka ya hospitali yalikuwa yameshapakiwa kwenye pikapu na kufunikwa turubai. Saa mbili simu yake ililia ikiwa bado mfukoni mwake. Mama akaitoa, akapokea. Aliyepiga alikuwa msimamizi wa stoo ya hospitali. Alitoa pole, kisha akauliza mashuka yatafika saa ngapi.

Binti mkubwa, ambaye nyumbani kila mtu humwita Dada, hata mama mzazi, alifika jioni ile kutoka mji wa mbali, alikokuwa muuzaji katika duka la dawa. Mwenye duka alikuwa amempa ruhusa hadi mwisho wa mwezi. "Ukizidi hapo itabidi nitafute mtu," alimwambia. Siku ya tatu baada ya mazishi, mama alimwekea funguo za pikapu kiganjani, akamkunja vidole juu yake.

"Siku chache tu, Dada. Mpaka tujue la kufanya."

Nyumba yote ilikuwa ya mashuka. Mashine mbili za kufulia zilinguruma chumba cha nyuma, kamba zilijaa ua mzima kiasi kwamba ukitaka kwenda chooni unapita umeinama, na sebule ilikuwa ya kupigia pasi, vioo vya madirisha vikitoka jasho kutwa. Asubuhi Dada alipeleka masafi, alasiri akachukua machafu. Hapo katikati alipiga pasi pamoja na mama mdogo, aliyeishi nao. Kila alipoketi, mtu alimwita.

Kilichomshinda ni tangi. Siku ya kwanza kwenye kituo cha mafuta pampu ilijikata kabla ya nusu lita. Akabonyeza tena, ikajikata tena. Mara ya tatu petroli ikaruka nje, ikamlowesha viatu. Mbele yake palikuwa na lori, nyuma msururu wa magari yanayopiga honi. Hakuwa na pa kwenda.

"Hiyo haitaki haraka, mwanangu," alisema mhudumu wa pampu, mama mmoja mnene mwenye kofia ya jua. "Geuza mdomo wa pampu utazame juu. Sasa kamua polepole, kama unamkamua mbuzi mwenye hasira. Baba yako alifanya hivyohivyo kila jioni."

Ilichukua dakika arobaini. Ndipo Dada alipokumbuka mzaha wa zamani pale nyumbani. Baba akisema anakwenda kuweka mafuta, mama mdogo alikuwa akimuuliza kama anakwenda kuyachimba mwenyewe.

Mtu mwingine mwenye leseni alikuwa mdogo wake wa kiume, waliyembandika jina la Bosi tangu utotoni kwa kuwa hakukubali kutumwa.

"Nisimame pale dakika arobaini napigiwa honi kama ng'ombe aliyelala barabarani? Sahau," alisema Bosi. "Siku pikapu itakapokunywa mafuta kama magari ya watu, naichukua mimi, na wewe unarudi kwako. Nasema mbele ya mama."

Mama alitikisa kichwa kukubali, huku akikunja shuka.

Zilikuwa zimebaki siku kumi. Dada akaanza kuutafuta ugonjwa. Alibadilisha kifuniko cha tangi, wapi. Alijaribu pampu nyingine, kisha kituo kingine, mambo yakawa yaleyale. Alimulika tochi ndani ya bomba la kujazia, akaona ni jeupe, halina uchafu. Mwishowe akaipeleka kwa fundi wa baba, nyuma ya ukuta wa hospitali.

Fundi alilala chini ya pikapu kwa muda mfupi sana, kama mtu aliyekwenda kuangalia kitu anachokijua.

"Petroli ikiingia, hewa iliyomo ndani lazima itoke," alisema. "Mpira huu mnene unaingiza. Kuna mwembamba wa kutoa hewa. Huo haupo. Ulikatwa, ncha zote mbili zikazibwa kwa bolti. Njoo uone."

Dada akainama. Juu ya kila bolti ulizungushwa waya mara mbili, ukapinda kwenda kushoto. Baba alifunga hivyo kila kitu.

"Mpira ulipasuka," fundi akaendelea. "Mashuka yakanuka petroli, hospitali ikaja juu. Mzee akaziba kwa muda, wiki moja tu, mimi nikaagiza mpya. Huu hapa."

Alinyoosha kidole ukutani. Kwenye msumari ulining'inia mpira mpya, umejaa vumbi, na juu yake karatasi iliyoandikwa Mzee Shuka.

"Tangu lini?"

"Miaka minane sasa. Na alishaulipia. Nilimkumbusha mpaka nikaona haya. Akaniambia, 'Wewe acha uning'inie, fundi. Nikiwa pale kwenye pampu hakuna anayeniuliza kitu.'"

Dada aliketi juu ya tairi kuukuu. Baba alikuwa akimpigia simu kila jioni, saa kumi na moja. Waliongea mpaka basi, habari za wateja wa dawa, za mvua, za meno. Nyuma ya sauti yake palikuwa na honi siku zote. Yeye alidhani baba yuko njiani.

"Niuweke, au niache kama alivyoacha?" fundi akauliza.

Dada alizihesabu siku. Zilikuwa zimebaki tano.

"Weka."

Jioni ile tangi lilijaa kwa dakika nne. Mhudumu wa pampu alitazama namba za pampu, akamtazama yeye. "Haya. Sasa hata sura yako nitaisahau," alisema.

Bosi, kwa mshangao wa wote, alitimiza neno lake. Alichukua funguo kesho yake, akavaa miwani ya jua, akarudi mapema kuliko baba alivyowahi kurudi maishani mwake. Siku ya tatu, kwa kuwa muda ulikuwa unambakia, alipata kazi ya kufua mashuka ya nyumba ya wageni yenye vyumba thelathini. Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mkono wa mama mdogo ulikuwa umevimba, na mama hakuweza kusimama zaidi ya saa moja. Begi la Dada lilikuwa karibu na mlango. Juu yake mtu aliweka furushi la mashuka.

"Haya tu kwanza, Dada," mama alisema. "Halafu uende."

Mwezi uliisha Jumamosi. Dada alipopiga simu Jumatatu, mwenye duka alimpa pole tena, akasema kuna msichana ameanza asubuhi hiyo.

Siku hizi Bosi anakwenda safari mbili kwa siku, na kituoni hakai. Dada anapiga pasi, mashuka ya hospitali asubuhi, ya nyumba ya wageni mchana mpaka jioni.