Udongo wa Kevina

Kevina hakuwa mtu wa kumwaga maji ovyo. Maji ya kuoshea mchele yalikwenda kwenye nyanya. Ya kuoshea sahani aliyaacha kwenye beseni mpaka povu liishe, kisha akayapeleka kwenye sukuma. Lori la maji lilipita mtaa wa Jebel siku lilipojisikia, na bei ya pipa ilikuwa imepanda mara mbili tangu Pasaka. Lakini asubuhi hii alifanya israfu. Alichota kwenye pipa lenyewe, maji ya kunywa, akanyunyizia tuta baada ya tuta mpaka majani yakang'aa, kwa sababu mtu wa ofisi ya ardhi alikuwa anakuja, na Poni, mwenye kiwanja, alikuwa amesema kipendeze.

Kikapendeza kweli. Matuta kumi na moja: sukuma, majani ya nakati na dodo ya kwao Uganda, bamia, na khudra, ile mboga ya kuteleza ambayo wenyeji wa Juba hawachoki kuila. Miaka miwili nyuma hapa palikuwa changarawe tupu, mahali jembe lilitoa cheche. Kevina alibeba samadi kwa karai kutoka mnada wa mbuzi, akaichanganya na majivu na maganda ya viazi kutoka hotelini kwake, akarudia na kurudia, mpaka udongo mweusi ukamfika kwenye vifundo vya miguu. Siku ya kwanza alipoona mnyoo ndani yake alimwita jirani aje auone. Jirani alidhani ni nyoka, akaja na panga.

Hoteli ni jina tu. Ni kibanda cha mabati soko la Custom, meza tatu na sufuria nne. Tangu magari ya barabara ya Nimule yaanze kushambuliwa, mboga kutoka kwao Uganda zilifika zimenyauka na kuuzwa bei ya nyama. Wenzake wawili walifunga, wakarudi Masaka. Kevina hakufunga, na sababu ilikuwa matuta haya, wala hapakuwa na uchawi mwingine.

Kiwanja kilikuwa cha Poni, mwenyeji aliyekulia Nairobi akarudi nyumbani nchi ilipopata uhuru. Walijuana kanisani, wakashikana kama ndugu. Vita vilipozuka Desemba ile, Poni alikimbilia Nairobi tena, na siku ya kuondoka alimshika Kevina mkono.

"Lima, dadangu. Hapa Juba kiwanja kikiota nyasi kimekufa. Mtu anapiga nguzo zake usiku, asubuhi anasema ni chake. Wakiona mboga wanajua iko na mwenyewe. Nikirudi nitajenga mbele, huku nyuma kutabaki kwako. Haki ya Mungu."

Kevina akalima. Mara mbili alikuta nguzo za watu zimesimikwa, na mara mbili alisimama katikati ya bamia akapiga kelele mpaka mtaa mzima ukatoka. Yeye mgeni, asiyeruhusiwa kumiliki hata shimo la choo katika nchi ile, ndiye aliyemlindia mwenyeji ardhi yake vita vikiendelea.

Saa tatu wakaja. Poni, aliyekuwa amerudi kutoka Nairobi kufuatilia hati ya kiwanja, alivaa kitenge kipya. Nyuma yake alikuwa Bwana Arkangelo wa ofisi ya ardhi, faili kwapani, akitembea kwa tahadhari viatu vyake visiguse tope. Kiwanja kisicho na ukuta wala nyumba hakipati hati mpaka ofisi ione kinatumiwa, na yule anayekutwa juu yake atoe ushahidi ni cha nani.

"Ya mama," Arkangelo akamwita kwa Kiarabu cha Juba, akauliza, "hii shamba ni ya nani?"

"Ni ya Poni," Kevina akajibu bila kusita. "Mimi iko nalima tu. Uliza majirani, wote najua."

"Na wewe ni nani yake?"

Poni akawahi. "Ni mtu wangu wa shamba."

Kevina akacheka, akidhani ni lugha ya maofisini. Arkangelo akaandika, akamgeuzia karatasi. Ilisema huyu ni mfanyakazi wa mwenye kiwanja na analipwa kila mwezi. Kevina aliisoma yote, kwa hiyo asije akasema hakusoma. Akamtazama Poni. Poni akamkonyeza.

"Weka tu sahihi, dadangu. Ni ya kufurahisha ofisi."

Akaweka. Kisha, Mungu amsamehe, akachuma fungu nono la khudra, akalifunga kwenye gazeti na kumpa Arkangelo ampelekee mkewe.

Saa nane mchana alikuwa Custom akipakua ugali, Eriya alipofunga breki mlangoni. Eriya ni bodaboda kutoka kwao, mteja wa kila siku. Leo hakuzima pikipiki.

"Nyabo, wewe nahama?"

"Nahama wapi?"

"Lori iko namwaga matofali kwa mboga yako. Mimi natoka pale sasa hivi."

Kevina akamwachia jirani yake Josline mwiko na wateja, akapanda nyuma bila kuvua aproni.

Matofali yalikuwa juu ya nakati. Vijana watatu walikuwa wakivuta kamba ya msingi juu ya sukuma. Pembeni limesimama gari kubwa la vioo vyeusi, injini inanguruma, na mwenyewe hakushuka. Poni alisimama kwenye kinjia kati ya matuta, miguu ameibana asikanyage mboga. Kule kujali kulimuuma Kevina kuliko matofali.

"Poni, hii nini?"

"Aki Kevina, usiskie vibaya. Nimeuza. Watoto wangu wamefukuzwa shule kule Nairobi, na hizi pesa zetu sai ni makaratasi tu. Huyu mkubwa alikuwa anangoja hati."

"Hati ya ile nilisaini?"

Poni akaitikia kwa kichwa.

"Asubuhi ulikuwa najua?"

"Nilijua tangu mwezi jana," Poni akasema polepole. "Ningekuambia, ungesaini kweli?" Kisha, kama mtu anayetoa zawadi: "Lakini mboga ni zako. Chuma zote. Nimekuombea mpaka saa kumi na mbili."

Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda hakukonyezi kwanza. Kevina alisikia machozi yanakuja na akayakatalia. Achume zote! Mboga za leo kesho kutwa ni takataka, na baada ya hapo hoteli itapika nini? Aling'oa shina moja la sukuma kwa hasira. Mizizi ikatoka na bonge la udongo mweusi, laini, na mnyoo ndani yake. Akaliangalia bonge lile kwa muda.

Kisha akaenda chumbani kwake, ng'ambo ya njia, akarudi na koleo na magunia yote ya unga na ya makaa aliyokuwa nayo. Poni mwenyewe ndiye aliyewahi kumsimulia jinsi watu wa Nairobi wasio na uwanja wanavyopanda sukuma ndani ya gunia.

Akaanza kuchota. Alichota mpaka koleo likagonga changarawe, akahamia tuta la pili. Eriya alishika midomo ya magunia, kisha akayavusha moja moja kwa pikipiki mpaka mlangoni kwa Kevina. Vijana wa msingi wakaacha kamba yao wakatazama.

Arkangelo alirudi saa kumi na moja kumletea mwenye gari hati yake iliyopigwa muhuri.

"Ya mama! Unabeba udongo wapi? Iko na ruhusa? Kiwanja imeuzwa na vitu yake yote. Kalas, wacha!"

Kevina akanyoosha mgongo. "Kwa karatasi yako, mimi ni nani?"

"Mfanyakazi."

"Nalipwa kila mwezi?"

Arkangelo akafungua faili. "Imeandikwa hivyo."

"Basi uliza huyu tajiri yangu, mimi nalipwa mwezi gani?"

Arkangelo akamgeukia Poni. Poni akautazama mlima wa Jebel kana kwamba ndio kwanza anauona. Kioo cha gari kikashuka kidogo, kikapanda tena.

"Andika, bwana," Kevina akasema. "Andika hapo chini ya sahihi yangu: mfanyakazi iko nachukua mshahara yake ya miaka mbili."

Arkangelo hakuandika. Wala hakumzuia.

Ilipofika saa kumi na mbili alikuwa amemaliza matuta saba. Mengine yalikuwa chini ya matofali. Palipokuwa na sukuma palibaki changarawe, vilevile kama siku alipopewa. Hakujua mwenye chumba atasema nini kuhusu magunia kumi na manne mlangoni, wala maji ya kesho yatatoka wapi.

Gunia la mwisho lilikuwa zito. Poni akaja, akashika pembe moja amsaidie kuinua.

Kevina akalirudisha chini. Akasubiri mpaka Poni akaachilia, ndipo akaliinua peke yake.